Kutunga Densi ya Kisasa Kuhusu Maji: Mwongozo kwa Vikundi vya Moshi na Vijiji vya Mlimani

Mwongozo huu ni kwa ajili ya vikundi vya vijana, walimu wa sanaa na wachezaji wa Moshi wanaotaka kutunga onyesho la densi ya kisasa la dakika 20 hivi kuhusu binadamu, maji na mazingira yanayowalea. Hakuna haja ya studio yenye vioo wala taa za bei kubwa. Panahitajika watu watano hadi wanane, eneo tambarare, ndoo na madumu machache, na takriban wiki sita za mazoezi ya mara tatu kwa wiki. Jambo moja linabeba yote yatakayofuata: mazoezi yaanzie kwenye kazi ambayo mwili wa mtu huifanya kwa ajili ya maji, kabla ya kufikiria sura ya maji yenyewe. Kikundi kinachoanza kwa kupunga mikono ili kuiga mawimbi huishiwa na la kusema mapema sana, tena mawimbi hayo ni ya pwani, ilhali sisi tunaishi chini ya mlima ambako maji huteremka, hugawanywa, hubebwa na kugombewa.

Hatua ya kwanza: chagueni maji ya mahali pamoja

Msitunge densi kuhusu maji ya dunia nzima. Chagueni chanzo kimoja ambacho kila mchezaji anaweza kukifikia kwa miguu au kwa daladala: mfereji wa asili unaopita kwenye vihamba (mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba) vya Old Moshi, Kibosho au Marangu, mto Karanga au mto Rau, majaruba ya mpunga ya Mabogini, au bomba la mtaani ambalo watu hupanga foleni ya madumu tangu alfajiri. Kila kimoja kina miondoko yake, na kuchanganya vyote katika onyesho la kwanza huwafanya watazamaji wasishike lolote.

Mkishachagua, jifunzeni ukweli wa maji hayo kabla ya kucheza hata hatua moja. Hapa nasisitiza kwa sababu mada hii ina kishawishi kikubwa, nacho ni barafu ya Kilimanjaro. Ni kweli kwamba barafu imepungua mno. Kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake. Lakini mito na mifereji yetu hailishwi zaidi na barafu hiyo. Hulishwa na mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu, ambapo upande wa kusini wa mlima ukanda wa msitu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati mjini Moshi hatupati hata nusu ya kiasi hicho. Onyesho linaloonyesha theluji ikiyeyuka na mara moja mito yote ikakauka litawagusa wageni, lakini mkulima wa Uru atajua kwamba halikumsikiliza. Kinachokausha mfereji wake ni msitu uliokatwa juu, mvua zilizobadilika, watu walioongezeka na banio (kizuizi kinachoelekeza maji mferejini) lililobomoka bila kutengenezwa. Hayo yote yanachezeka.

Kwa kikundi kilichoko Arusha, somo ni jingine kabisa. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru katika maeneo mengi yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana meno ya wengi waliokulia huko yana rangi ya kahawia. Densi yenu inaweza kuanzia hapo, kwenye maji ambayo yapo, yanang'aa, na bado si salama kwa mtoto kuyanywa miaka yote ya makuzi yake.

Hatua ya pili: nendeni mkaangalie

Hatua hii ichukue wiki nzima ya kwanza, na simu zibaki mfukoni. Fikeni asubuhi, salimieni wazee kwa shikamoo, jielezeni kwa ukamilifu mmetoka wapi na mnataka nini, na kama ni mfereji, ulizeni kwanza ni nani anausimamia. Mifereji ya Wachagga ina wenyewe: ukoo uliouchimba, mzee anayepanga zamu, na utaratibu wa siku za kazi ya pamoja ambapo wote wanaotumia maji hujitokeza kuondoa tope na kuziba palipovuja, na asiyefika hutozwa faini. Kikundi kinachopita juu ya utaratibu huo kwa sababu kimekuja kufanya sanaa kimeanza vibaya. Ikiwezekana, ombeni nafasi ya kushiriki katika siku moja ya usafi wa mfereji, kwa maana majembe mtakayoshika siku hiyo yatawafundisha zaidi ya macho yenu.

Angalieni namna maji yanavyofunguliwa. Mkulima ambaye zamu yake imefika huinama pale mfereji mdogo unapochepuka kutoka kwenye ule mkubwa, huondoa kizuizi cha magome ya mgomba, mawe na udongo uliosindiliwa, kisha huutumia udongo uleule kuziba upande wa pili. Maji hayaji kwa kishindo. Kwanza hutangulia ulimi mwembamba uliobeba majani makavu na vumbi, ukisita kwenye kila shimo hadi lijae, ndipo uendelee. Mkulima hutembea sambamba nao, jembe begani, akiangalia yasipotee njiani. Mwendo huo wa mtu anayetembea kwa kasi ya maji, akisimama yanaposimama, ni hazina kwa mtunzi wa densi. Urekodini kwa miili yenu papo hapo, kila mmoja akitembea nyuma ya mkulima, kwa ruhusa yake.

Kama mmechagua bomba au chemchemi, zingatieni ndoo. Lita 20 ni kilo 20, na uzito wa ndoo yenyewe juu yake. Gawanyeni safari ya ndoo katika vitendo vyake: kuteka, kusubiri ijae, kuinama, kutwishwa na mwenzako, kutembea, kutua, kumimina. Angalieni kwamba kutwishana kunahitaji watu wawili wanaotazamana usoni kwa nukta moja, magoti yakiwa yamekunjwa, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hatachelewa wala kuwahi. Angalieni shingo ya mwanamke aliyebeba: haitikisiki, na kila kitu kilicho chini yake kinafanya kazi ili isitikisike, yaani hatua zinafupika, nyonga zinachukua mtikisiko, mkono mmoja unaning'inia kwa nje kutafuta mizani. Kwa miaka mingi tumesikia kauli ya kumtua mama ndoo kichwani, na ni kauli njema. Densi inaweza kuwafanya watazamaji wausikie uzito huo kwenye shingo zao wenyewe.

Kila mchezaji arudi na vitendo vitatu alivyoviona, avionyeshe bila maelezo, na wenzake wataje walichokitambua. Kisichotambulika kwa siku hiyo kirudiwe kuangaliwa.

Hatua ya tatu: kuhamisha kazi iingie kwenye densi

Sasa mko kwenye ukumbi au uwanja wa mazoezi. Pasheni mwili moto kwa dakika 20, mkitilia mkazo nyonga, magoti na vifundo vya miguu, kwa sababu miondoko yote ya kazi hii iko chini na karibu na ardhi. Kama sakafu ni ya saruji, punguzeni kuruka. Magoti ya wachezaji wetu yanaharibika mapema kwa sababu hiyo, na nyasi zilizofyekwa vizuri na kukaguliwa miiba na vipande vya chupa ni bora kuliko ukumbi wenye sakafu ngumu.

Zoezi la kwanza ni la uzito. Kila mchezaji abebe ndoo yenye lita 10, kwa ngata kichwani, na avuke eneo lote mara kadhaa hadi mwili uache kupigana nayo. Wasiowahi kubeba waanze na lita 5 na wawe na mtu pembeni. Kisha ondoeni ndoo, na kila mmoja avuke tena akiwa na uzito uleule ambao haupo. Hapa ndipo mwalimu anapaswa kuwa mkali. Wengi wataigiza uzito kwa kukunja uso na kupinda mgongo, wakati mbebaji wa kweli hana uso wa mateso na mgongo wake umenyooka. Uzito unaonekana kwenye wayo unavyokanyaga na kwenye pumzi inavyokatwa wakati wa kujitwika. Msiondoke kwenye zoezi hili hadi mtu asiyewajua, akipita, aulize mmebeba nini.

Zoezi la pili hupanua kitendo. Chukueni kitendo cha kutwishana peke yake, mkifanye kwa kasi yake halisi, kisha kwa mwendo wa polepole mara nne zaidi, kisha chini kabisa mkiwa mmelala, kisha kwa watu sita badala ya wawili. Kitendo kikifanywa mkiwa mmelala hakitafanana tena na ndoo, lakini makubaliano kati ya miili miwili yatabaki, na makubaliano hayo ndiyo mnayoyatafuta. Fanyeni vivyo hivyo kwa kufungua mfereji: mchezaji mmoja awe kizuizi, mwingine amwondoe, wengine wapite pale alipokuwa amesimama, na aliyeondolewa asogezwe kuziba upande mwingine. Kila mmoja apitie nafasi zote tatu.

Zoezi la tatu ni la zamu, na kwangu mimi ndilo moyo wa kazi nzima. Wekeni ndoo moja katikati. Mwenye ndoo peke yake ndiye anayeruhusiwa kucheza kwa nafasi kubwa. Wengine wanasubiri, na kusubiri kwao kuwe ni kucheza pia, kwa kuhamisha uzito mguu hadi mguu, kutazama jua limefika wapi, kuchuchumaa na kusimama. Msipange nani anafuata. Acheni mvutano utokee wenyewe: mtu atachelewa kuachia, mwingine atasogea kabla ya wakati wake, watatu watazungumza kwa macho. Mtunzi aandike yaliyotokea mara baada ya zoezi, kwa maana sehemu nyingi za onyesho zitatoka katika dakika hizo. Uhusiano wa mtu na maji hapa mlimani ni uhusiano wa mtu na jirani yake anayesubiri chini ya mfereji, na onyesho lisilo na jirani huyo limekosa nusu ya habari.

Hatua ya nne: pumzi

Mwaka 1928 mtunzi wa densi wa Marekani Doris Humphrey alitunga densi kuhusu maji isiyo na muziki wowote. Wachezaji walishika wakati kwa kupumua pamoja, mwondoko ukipita kutoka mwili hadi mwili. Njia hiyo bado ni bora kwa kikundi kisicho na fedha za kumlipa mwanamuziki, na ni bora hata kwa kikundi chenye fedha. Simameni kwenye mstari mmoja, mabega yakikaribiana. Wa kwanza avute pumzi na kushusha kifua, wa pili apokee pale wa kwanza anapoishia, hadi mwisho wa mstari. Jaribuni mwendo wa mfereji, unaosita na kuendelea, halafu mwendo wa mto wa masika ambao hausubiri mtu. Hapa, baada ya wiki mbili za kubeba na kuchimba, mnaweza kuruhusu mwili uwe maji yenyewe, kwa kuwa sasa unajua maji yanapita wapi.

Hatua ya tano: kupanga sehemu

Mpangilio ulio wazi zaidi ni ule wa mteremko. Maji yetu huanzia msituni, hupita vihambani, hufika mjini na kwenye mashamba ya tambarare, huingia bwawa la Nyumba ya Mungu kupitia mito ya Kikuletwa na Ruvu, kisha huendelea na mto Pangani, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na kuishia Bahari ya Hindi. Hamlazimiki kuionyesha safari yote. Lakini jiulizeni katika kila sehemu: nani yuko juu yetu, na nani yuko chini yetu? Ikiwezekana tumieni eneo lenye mwinuko, watazamaji wakae chini, na wachezaji waanzie juu.

Sehemu tatu zinatosha. Ya kwanza iwe ya kazi, karibu na uhalisia, ili mtazamaji apate pa kushika. Ya pili ivunje kazi hiyo kwa mazoezi ya kupanua na ya zamu, na hii iwe ndefu kuliko nyingine. Ya tatu iamuliwe na kile mlichokikuta huko mlikokwenda, na kama mlikuta mfereji uliokauka, msimalizie kwa mvua ya kufurahisha watu. Sehemu ambayo hamwezi kueleza kwa sentensi moja inafanya nini, iondoeni hata kama inapendeza.

Hatua ya sita: sauti, maleba na maji halisi

Kwa sauti, rekodini kengele za mbuzi, jembe likigonga jiwe, dumu tupu likigongwa, maji yakijaza ndoo ambapo sauti hupanda kadiri inavyojaa. Dumu ni ngoma nzuri, na mchezaji anaweza kuipiga mwenyewe. Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yawe nguo za kazi zinazoruhusu magoti kukunjwa, na kanga ifungwe kama inavyofungwa shambani.

Kitambaa kirefu cha buluu kinachotikiswa na watu wawili kimekuwa desturi tangu mtunzi wa densi wa Marekani Alvin Ailey alipotumia vitambaa kuwakilisha maji katika kazi yake ya mwaka 1960, na pale kilikuwa na sababu ya kuwapo. Kwenu naomba mkiache, isipokuwa kama kitafanya kazi ambayo mwili hauwezi kuifanya. Kuhusu majani ya masale, ambayo kwa Wachagga huweka mipaka na hutumika kuomba msamaha na amani, msiyashike jukwaani kama pambo. Waulizeni wazee kwanza, na wakisema hapana, jibu ni hapana.

Maji halisi jukwaani yana uzuri wake. Mtunzi wa densi Pina Bausch wa Ujerumani alilowesha jukwaa lote na wachezaji wake katika kazi ya mwaka 2006. Kabla hamjaiga, pigeni hesabu: eneo la mita 6 kwa 6 likifunikwa na maji ya kina cha sentimita 1 ni lita 360, yaani madumu 18. Kuyamwaga mbele ya watu walionunua maji asubuhi ile ni kauli nzito, na sidhani kwamba ndiyo mnayotaka kuitoa. Ndoo moja inatosha, hasa ikizunguka mikononi mwa wachezaji onyesho zima bila kumwagika, na mwishoni ikamiminwa kwenye mche. Turubai likilowa huteleza vibaya, hivyo msichezee juu yake.

Hatua ya saba: mahali, vibali na usalama

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye atawaeleza vibali vinavyohitajika na taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa. Ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 2005 imejumuisha pia msitu, hakuna onyesho wala upigaji picha wa kazi bila idhini ya hifadhi. Msijenge jukwaa kando ya mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuuharibu, na hata kwa onyesho la siku moja, miguu ya watazamaji mia moja inaweza kubomoa kingo.

Mkicheza karibu na mto, mtu mmoja akae juu kuangalia maji na mwingine apige simu vijiji vya juu kabla ya kuanza, kwa sababu mvua ya msituni huujaza mto ghafla huku mjini jua likiwaka. Msiingie kwenye maji yanayotuama au yanayokwenda polepole, kama ya majaruba, kwa hofu ya kichocho. Mawe yenye ukijani hutelezesha hata mguu uliozoea. Kwa wachezaji wa chini ya miaka 18, pateni ruhusa ya wazazi kwa maandishi.

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, na mjiandae na vuli ya mwisho wa mwaka. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ni nafuu. Saa 10 jioni ni wakati mzuri wa kuanza, jua likiwa limepungua makali na giza likiwa bado mbali, na wanaokwenda kunywesha mifugo au kuteka maji ya jioni watapata nafasi ya kufanya hivyo baadaye.

Hatua ya nane: kuonyesha na kuendelea kurekebisha

Onyesho la kwanza lifanyike kwa watu mliowaangalia wakifanya kazi, pale pale kwao, bila kiingilio. Baada ya kucheza, kaeni chini nao na muulize maswali mepesi: mliona nini, wapi tumekosea, nani hayumo? Mama anayesema kwamba ndoo haitwishwi hivyo ana haki ya kusimama na kuonyesha, nanyi mrudie mbele yake hadi akubali. Onyesho la pili lipelekeni chini zaidi ya mteremko. Mkilicheza Mabogini, wakulima wa mpunga watauliza mbona maji yao yanaishia vihambani, na hilo litawalazimu kuongeza sehemu au kubadilisha iliyopo. Tengeni wiki mbili kati ya onyesho moja na jingine kwa kazi hiyo. Andikeni kwenye daftari la kikundi mpangilio wa sehemu zote, majina ya waliowafundisha kitendo kipi, na makubaliano yenu nao kuhusu picha za video, na siku mtakapolipwa kucheza kwenye hoteli au tamasha, fungu la watu hao litolewe kabla ya nauli.